Kitabu cha sala cha Kiyahudi, shilingi 450: maoni ya soja wa usiku

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la wengi. Kijana anayetandika vitabu vya mitumba kando ya barabara, sehemu za chini za mji, alianzia 800. Nikamwonyesha jalada limeachana na mgongo. Akashuka 600. Nikafungua ukurasa wa kwanza: umechanika nusu, limebaki neno London na kipande cha anwani. Akasema, "Mzee, hiki ni cha Kiebrania. Zunguka Nairobi nzima hupati kingine." Nikamjibu kwamba yeye pia azunguke, hapati mnunuzi mwingine. Tukakutana 450, akakifunga kwa gazeti la juzi.

Mimi ni soja. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, geti la nyumba za ghorofa Kilimani. Usiku wa soja ni mrefu na mshahara ni mfupi, kwa hiyo nasoma chochote kisichozidi 500. Nimesoma kitabu cha ufugaji nyuki na sina mzinga. Hiki nilikichukua kwa sababu zamani nililinda upande wa Westlands, na kila siku matatu ilipita pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, penye sinagogi. Nilikuwa nachungulia dirishani najiuliza wanasema nini mle ndani. Nilijua tu kwamba Wayahudi wa Nairobi walianzisha jumuiya yao mwaka 1904, mji wenyewe ukiwa bado vibanda vya reli, na kwamba sinagogi yao ya kwanza ilisimama 1913.

Sasa nimekitumia miezi saba. Wao wanakiita siduri, maana yake mpangilio. Sala za siku nzima zimepangwa kwa mfuatano, asubuhi, alasiri na jioni, halafu za Sabato, za chakula, za harusi, za mazishi. Kuna hata ya kutoka chooni. Msicheke. Inamshukuru Mungu aliyemuumba binadamu kwa hekima akamtia matundu na mianya, na inasema lingefunguka moja lisilotakiwa, au likaziba moja linalotakiwa kuwa wazi, mtu asingeweza kuendelea kusimama. Shemeji yangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa sababu ya figo. Nilimsomea kwa simu nikitafsiri papo hapo. Alikaa kimya, kisha akaniambia, "Shemeji, hiyo nitumie kwa maandishi." Nikamtumia. Mpaka leo anaisema akitoka kwenye mashine, na yeye ni mtu ambaye hajakanyaga kanisani tangu arusi yetu.

Umbo lake: kinafunguliwa kutoka kulia, kwa hiyo siku za kwanza nilikuwa naanzia mazishi. Kiebrania kulia, Kiingereza kushoto, Kiingereza chenyewe kile cha Biblia za zamani. Karatasi ni nyembamba lakini ngumu, na kurasa zimeshonwa kwa uzi, hazikugundishwa. Fundi viatu wa pale stejini alinishonea mgongo wa ngozi kwa 150 na akasema kitadumu kuliko viatu vyangu. Herufi za Kiingereza ni ndogo mno kwa tochi ya simu. Baada ya saa nane usiku macho yangu yanakataa.

Kitu ambacho sikukilipia ni penseli. Mwenye kitabu wa kwanza, simjui ni nani, alikuwa mtu wa kuandika pembeni. Kwenye sala ya kuiombea serikali limechapwa jina la Malkia wa Uingereza na jamaa yake. Limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula, na juu yake pameandikwa Rais na watu wa Kenya. Hakuna tarehe, lakini hiyo tarehe kila Mkenya anaijua. Mbele kidogo kuna Pirkei Avot, mafundisho ya wazee wao ambayo siduri nyingi huyabeba, na pale Rabi Hanina anaposema uombee amani ya serikali, kwani bila hofu yake watu wangemezana wazima, penseli imeweka alama mbili za mshangao. Na mimi ningeweka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana najua msomaji wa kanisa kama langu atauliza: sala ya kusoma ina kazi gani? Sisi ni watu wa makofi na kesha. Kwetu sala iliyoandikwa ni kiporo. Mtu akitoa karatasi ili aombe, mama mmoja nyuma atakohoa. Nilikifungua kitabu hiki nikiwa na kikohozi hicho hicho.

Kilichonigeuza ni mstari mmoja, humo humo Pirkei Avot, sura ya pili. Rabi Shimon anasema: unapoomba, usiifanye sala yako kuwa keva. Keva ni kitu kilichokwisha kukazwa mahali, cha kawaida, cha kutimiza tu. Iwe ni kuomba rehema na kusihi. Nilisoma nikaangalia kitabu kingine kilichokuwa mezani kwenye kibanda changu, kitabu cha OB. Kila saa soja anatakiwa kuzunguka jengo, arudi, aandike. Neno letu ni moja: shwari. Mwaka juzi, usiku wa baridi ya Julai, nilikaa kibandani saa saba nikaandika zote kwa mkupuo. Saa saba shwari, saa nane shwari, saa tisa shwari, saa kumi shwari. Mwandiko mzuri, wino mmoja. Saa tisa hiyo hiyo mtu aliruka ukuta wa nyuma akang'oa vioo vya pembeni vya gari la mpangaji wa ghorofa ya tatu. Asubuhi msimamizi alinisomea OB kwa sauti, polepole, huku gari limesimama mbele yetu bila masikio. Nilikatwa mshahara wa miezi miwili.

Keva ndiyo hiyo. Na angalieni, kosa halikuwa kwamba neno shwari lilikuwa limeandikwa. Neno ni zuri na nalitumia mpaka leo. Kosa ni kwamba sikuwa nimezunguka.

Kinyume cha keva wanakiita kavana, kuelekeza moyo. Nimesoma mengi kuihusu kwenye simu, kwa sababu Mishna na Talmudi, vitabu vya kale vya sheria na mafundisho ya marabi wao, siku hizi zinapatikana bure kwenye intaneti, ni kuwa na bando tu. Katika Kumbukumbu la Torati imeandikwa kumtumikia Mungu kwa moyo wote, na Talmudi inauliza: utumishi gani huo unaofanywa na moyo? Inajibu: ni sala. Maimonides, rabi na tabibu wa Misri aliyefariki 1204, hakuzungusha maneno: sala isiyo na kavana si sala. Mishna inasimulia wachamungu wa kale waliokaa saa nzima kabla ya kuomba ili kwanza mioyo ifike. Hata mfalme akimsalimu anayesali, asijibu, hata nyoka akijiviringa kisiginoni asikatize. Hapo kwenye nyoka nilicheka peke yangu getini.

Lakini wao ni wakweli kuliko nilivyotegemea. Sheria ya kale inasema ukisali baraka ya kwanza ya sala yao kuu bila moyo, rudia. Akaja rabi Moses Isserles wa Krakow, karne ya 16, akaandika kwamba siku hizi hatumrudishi mtu, kwa sababu hata akirudia, yaelekea atakosa moyo tena. Nimehudhuria kesha nyingi na sijasikia mchungaji akikiri hivyo kwenye maikrofoni.

Moyo wa kitabu ni Amida, sala ya kusimama. Jina lake jingine ni Kumi na Nane, ingawa baraka zenyewe leo ni kumi na tisa. Inasemwa mara tatu kwa siku, miguu imebanwa pamoja, kwa sauti ambayo ni wewe tu unaisikia. Mfano wake ni Hana, mama yake Samweli, aliyesimama hekaluni midomo ikicheza na sauti haisikiki mpaka kuhani Eli akamdhania mlevi. Mimi Hana nilimjua tangu Sunday school, lakini kama mwanamke aliyetaka mtoto. Sikujua kwamba marabi wa Talmudi walimkalisha kitini kama mwalimu wao wa sala: kwake walijifunza kwamba anayesali aelekeze moyo, atamke kwa midomo, asipaze sauti. Mwanamke mmoja mwenye uchungu, akadhaniwa mlevi, na taifa zima linaiga midomo yake hadi leo. Nami nimejaribu namna hiyo usiku. Mpangaji mmoja ameshaniuliza kama nimekunywa kitu.

Unatakiwa kuelekea Yerusalemu. Kutoka Nairobi ni karibu kaskazini kabisa, kwangu ni kuelekea Kileleshwa. Mwenzangu wa geti la nyuma ni Mwislamu, naye anageukia upande huo huo, anapinda kidogo tu kulia. Kuna usiku tumesimama wote wawili hivyo, kila mtu na geti lake. Na kama huwezi kugeuka? Mishna inasema aliyepanda punda ashuke. Asipoweza kushuka, ageuze uso. Asipoweza kugeuza uso, aelekeze moyo. Aliyeandika hayo hakuwahi kupanda matatu ya saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini alijua habari zake.

Katikati ya Amida kuna baraka inayoitwa Shomea Tefila, Asikiaye Sala, na hapa ndipo nilipoelewa kitabu hiki kimejengwaje. Maneno yote mengine yamepangwa. Hapa unaruhusiwa kusimama na kuingiza lako, kwa lugha yako. Talmudi inasimulia watu wa Ninawi waliohitaji mvua wakati wa kiangazi, wakatuma kuuliza waiombe wapi. Wakaambiwa: ndani ya Asikiaye Sala. Maana sala ya mvua ya Wayahudi inafuata majira ya nchi ya Israeli, inaanza baada ya sikukuu ya Vibanda na kukoma wakati wa Pasaka, yaani wanaacha kuitaja mvua pale hasa masika yetu yanapotakiwa kuanza. Mwenye penseli alikuwa na shida hiyo hiyo ya Ninawi. Pembeni mwa baraka hiyo ameandika neno mvua kwa Kiingereza, na chini yake Aprili. Kisha chini ya Aprili kuna majina matatu, moja limefutwa kwa raba mpaka karatasi imelainika. Ukiinua ukurasa mbele ya tochi unaona mwanga unapita pale. Sitaandika hayo majina hapa.

Ukurasa huo ndio mchafu kuliko yote, una alama ya kidole gumba pembeni chini, ya kahawia. Kurasa za kabla yake ni safi. Inaonekana mtu huyu alikuwa anatembea haraka kwenye maneno ya wote mpaka afike kwenye dirisha lake, asimame.

Sala ndefu, lakini hata fupi wanaiheshimu. Mwanafunzi mmoja aliongoza sala kwa ufupi mno, wenzake wakanung'unika kwa mwalimu. Rabi Eliezer akawauliza, amefupisha kuliko Musa? Musa alipomwombea dada yake Miriamu mwenye ukoma alisema maneno matano tu ya Kiebrania: El na refa na la. Mungu, tafadhali, mponye, tafadhali, huyu. Hayo nimeyakariri. Ndiyo Kiebrania pekee nilichonacho.

Nieleze na la moto. Naishi Mukuru. Mwezi wa pili, saa nne usiku, mwenzangu alinipigia kwamba kuna moto upande wetu, hajui ni plot gani. Simu ya mke wangu haikushika. Geti siwezi kuliacha. Mdomo wangu ukaanza wenyewe: Mungu, isiwe kwangu, isiwe kwangu. Wiki ile ile nilikuwa nimesoma Mishna ya Berakhot, sura ya 9, mahali panaposema hivi: mtu yuko njiani anarudi, anasikia mayowe mjini, akasema na isiwe nyumbani kwangu, hiyo ni sala ya bure. Niliposoma niliona ni ukatili. Usiku ule nikiwa nimeshika chuma cha geti nikaona ni hesabu. Moto tayari uko mahali ulipo. Nikiomba usiwe kwangu, namwomba Mungu auhamishie kwa Mama wa jirani, yule anayeshona sare za shule. Nilinyamaza. Sikuwa na maneno mengine, na maombi yangu ya makofi yalikuwa yameniishia papo hapo, mimi ambaye kanisani huitwa mbele kufunga ibada. Nikasema yale matano ya Musa, nikibadilisha la mwisho kuwa watu wote wa kule. Nadhani niliyasema mara mia.

Zilikuwa nyumba sita. Yetu haikuwemo. Cherehani ya yule mama iliungua, ikabaki fremu. Nilifurahi kwanza, nisiwadanganye, na furaha hiyo ilinikaa vibaya siku kadhaa kama mwiba wa samaki. Asubuhi nilipofika, mke wangu alikuwa amemlaza yule mama na watoto wake kitandani kwetu.

Nirudi kwenye kitabu. Kasoro zipo. Hakuna matamshi ya Kiebrania kwa herufi za kawaida, kwa hiyo asiyejua alefu na beti amekwama upande wa kushoto. Hilo halinisumbui sana kwa sababu Mishna yenyewe inaruhusu Amida na Shema, yale maneno ya "Sikia, Ee Israeli", kusemwa kwa lugha yoyote, na kwangu lugha yoyote ni Kiswahili. Maelekezo yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua: piga hatua tatu nyuma, inama hapa, haisemwi siku hii. Siku zenyewe hazikuelezwa. Kwenye sala ya baada ya chakula imeng'oka karatasi moja, kwa hiyo nashukuru kwa nchi na kwa mkate halafu narukia amina.

Kasoro kubwa aliiona mke wangu. Aliokota kitabu asubuhi moja akasoma baraka za kuamkia, akafika pale mwanamume anapomshukuru Mungu kwa kutomuumba mwanamke. Akaniangalia. "Na mimi nisome nini?" Nikamwonyesha mstari wa chini: mwanamke anashukuru kwa kuumbwa kama apendavyo Mungu. Akasema, "Basi Mungu alipenda," akaniwekea chai bila sukari. Nimesoma baadaye kwamba siduri za jumuiya nyingine za Kiyahudi zimeubadilisha mstari huo. Hii yangu haijabadilika, na hapo nyota moja imekwenda.

Ila kuna kitu cha lugha kimenipa raha ambayo sikuitegemea. Kitenzi chao cha kuomba kina umbo linalomrudia mtendaji, kama ji yetu kwenye kujitazama, na wafafanuzi wengine wanakihusisha na kuhukumu: anayeomba anajihukumu. Sisi kuomba kwetu kumekaa jirani na ombaomba, mkono umenyooshwa. Halafu nikafika kwenye Kadishi, sala ya Kiaramu ambayo pia wafiwa huisema, na katika ile ndefu kuna ombi kwamba zikubaliwe tselota za nyumba yote ya Israeli. Tselota. Ni ndugu wa neno la Kiarabu ambalo pwani yetu ililipokea ikaliita sala. Kwa hiyo miaka yote ile ninachungulia dirishani pale University Way, neno moja la mle ndani nilikuwa nalo mdomoni.

Mkikipata, jambo moja la heshima: wao kitabu chenye jina la Mungu hawakitupi kikichakaa, wanakihifadhi kisha wanakizika kama maiti. Kijana wa mitumba hakujua, alikuwa amekitandika chini ya kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Nilimweleza. Alikitoa kiatu.

Nyota nne. Kwa mwenye macho mazuri na usiku mrefu, 450 si hela nyingi. Wanaotaka kuombewa upesi watafute kwingine, hiki kinataka usimame wewe.

Jumamosi iliyopita kijana alinipigia simu. Kwenye gunia lile lile amepata kingine, kinene zaidi, cha sala za siku yao ya kufunga na kutubu, kile wanachokifungua mara moja kwa mwaka. Nikamwuliza kama kina penseli. Akafungua, nikasikia kurasa. "Kipo na penseli, mzee, mpaka juu ya maandishi." Anataka 1,500 na safari hii hashuki, amejua. Nimemwambia aniwekee mpaka mwisho wa mwezi, na asikifutefute vumbi.